Nilivyokuwa Zimwi Kule Isinya

Sanaipei na Mutuku,

Fundi ameniambia nyinyi ndio mtashika kazi kuanzia Jumatatu, na kwamba mmeuliza kuna nini nyuma ya lile pazia la studio. Kuna ndoo, fagio na koti. Hakuna siri. Lakini nimeona niwaandikie, kwa sababu mkiniuliza uso kwa uso nitaangalia viatu vyangu na kusema "sijui", halafu mtafikiri miaka yote hiyo sikujifunza kitu.

Mama anacheka nikisema nimestaafu. Ati mtu wa miaka kumi na tisa hastaafu, anaacha kazi tu. Lakini mimi nimefanya kazi kwa Fundi Kioko kila likizo na kila Jumamosi tangu nikiwa kidato cha kwanza, na baada ya kumaliza cha nne nikakaa mwaka mwingine mzima. Sasa naenda chuo. Mtu akitoka mahali alipokulia, hiyo kwangu ni kustaafu. Mambo ya kupanda cheo tuyaache, maana cheo changu kilikuwa kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho: "huyo msichana".

Siku ya kwanza nilikuja na sweta ya shule kwa sababu sikujua watu huvaa nini kazini. Baba ndiye alinileta. Walikuwa wanajuana na Fundi kanisani.

"Huyu ni Nduku," Baba akasema. "Haongei sana."

"Hiyo si shida," Fundi akasema. "Mimi naongea ya kutosha watu wawili. Shika hii."

Hii ilikuwa koti. Koti jeusi, kifungo kimoja, harufu ya sabuni ya mche na watu wengi. Mtalikuta bado liko. Wakati ule watu wa viwandani walikuwa wanakuja Jumapili kupiga picha za kutuma nyumbani, na si wote walikuwa na koti, kwa hivyo studio ilikuwa na la kuazima. Nafikiri nusu ya wanaume wa Kitengela wako ukutani kwa mama zao wakiwa ndani ya koti hilo. Kazi yangu ilikuwa kulipangusa na kulikaza. Mtu mwembamba unambana mgongoni na vibanio vya nguo mpaka mbele likae sawa. Mtu mnene unaliacha wazi kwenye mshono wa nyuma uliofumuliwa, unamwambia asigeuke. Msije mkamwambia mteja umefanya nini huko nyuma. Mwambie tu, "Umependeza, simama hivyo hivyo."

Kile kitambaa cha ukutani kina pande mbili. Upande mmoja imechorwa ndege ya abiria, upande mwingine maporomoko ya maji. Mteja anachagua. Mimi nilidhani watu watataka ndege. Lakini hapa ni Kitengela, maji yanakuja kwa punda na kuuzwa kwa mtungi, na karibu kila mtu alichagua kusimama mbele ya maji. Wengine waliuliza kama yanaweza kuonekana vizuri zaidi.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni sahani. Ndiyo hiyo ya boksi la sabuni lililobandikwa karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara. Karatasi hizo Fundi aliziokota kwenye baa ya nyuma kwa muda mrefu sana, na yeye havuti, kwa hivyo mjue watu walimsema. Jua letu la mchana linampa mtu macho meusi kama amepigwa. Ukishika sahani chini ya kifua chake na kuiinamisha pole pole, utaona macho yakifunguka, na uso wote unatoka kama mtu ametoka nyumba ya giza. Akianza kukunja uso umepitisha kiasi. Mikono itawauma. Halafu itazoea.

Wateja wagumu hawakosi. Kuna mzee mmoja alikuja kupiga picha ya kitambulisho na akakataa kuvua kofia.

"Mzee, kofia itoke," Fundi akamwambia. "Serikali inataka kuona kichwa."

"Kichwa changu wanakitaka cha nini?"

"Wajue ni wewe."

"Mimi nikivua kofia hakuna mtu ananijua. Hata nyumbani."

Walizungushana hivyo mpaka chai ya Fundi ikapoa. Mwisho mzee akakubali, lakini kofia isiwekwe mezani, isiwekwe kwa kiti, na isishikwe na Fundi. Nikaishika mimi kwa mikono miwili, juu kidogo ya kamera, pale anapoiona. Picha ikatoka nzuri sana. Ana macho ya mtu anayelinda mali yake. Baada ya hapo nikajua kwa nini Fundi hamwambii mtu "cheka". Anamtafutia kitu cha kuangalia.

Mimi mwenyewe Fundi alinitafutia kitu cha kushika. Kwa shule nilikuwa yule msichana anayejua jibu na haweki mkono juu. Nikiitwa mbele, sauti ilikuwa inabaki kwa dawati. Fundi hakuwahi kuniambia "ongea". Alinipa koti, akanipa sahani, akanipa watoto wa kupanga mstari, na siku moja nikajisikia nikimwambia mwanaume mzima na ndevu zake, "Inua kidevu," na akainua. Kwa hilo namshukuru mpaka sasa, ingawa sijamwambia. Mkitaka mwambieni nyinyi.

Sasa niandike ile ya Isinya, ambayo najua ndiyo Fundi atawasimulia vibaya.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwanamke mmoja aliingia studio na vumbi mpaka kwenye nyusi, akakataa kiti. Alikuwa Ticha Naisula, alikuwa na shule ya nasari upande wa Isinya, kwenye chumba alichopewa na kanisa.

"Fundi, nataka picha za hadithi."

"Hadithi gani?"

"Ile ya zimwi aliyejifanya mama."

Fundi akaweka kikombe chini. "Ile ya kwenu ama ile ya kwetu?"

"Hapo ndipo kuna shida," Ticha akasema, na sasa akakaa.

Hadithi hiyo nyote mnaijua. Mama anaenda kutafuta chakula, anawaambia watoto wasifungulie mtu mpaka wasikie wimbo wake. Zimwi anasikia wimbo. Anakuja na sauti mbaya, watoto wanakataa. Anaenda kulainisha koo, anarudi na sauti ya mama, wanafungua. Kwa Baba, upande wa Ukambani, zimwi huyo ana mdomo wa pili kwenye kisogo. Kwa Mama, ambaye ni Mmaasai wa Kimuka, ana mguu mmoja wa jiwe. Mimi nimelelewa na mazimwi wawili na nilikuwa nawaogopa sawa sawa.

Ticha akatueleza. Darasa lake lilikuwa na watoto wa Kimaasai wa pale pale, na watoto wa Wakamba waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya maua. Walikaa vizuri mpaka kiangazi kilipokaza, na ng'ombe za Baba Lemayian, Mmaasai, zikaingia shamba la Baba Mwende, Mkamba, na kumaliza mahindi. Baba Mwende akaja shuleni akasema mtoto wake hatakaa dawati moja na mtoto wa mtu huyo. Kesho yake Baba Lemayian akaja akasema hata yeye hataki. Wazazi wengine wakagawanyika nyuma yao. Sasa wote walikuwa wanasema shule ikifungwa muhula huo, ikifunguliwa hawatarudisha watoto mpaka wale wengine watolewe.

"Upande mmoja ukitoka," Ticha akasema, "wanaobaki ni wachache. Kanisa litachukua chumba. Sitakuwa na shule."

"Na picha zitasaidia nini?" Fundi akauliza.

"Sijui. Lakini hao wote wanaijua hii hadithi. Nataka waone watoto wao ndani yake, pamoja. Na isiwe ya zamani. Iwe ya hapa. Mlango wa mabati. Mama atoke kazi ya maua na gambuti zake za mpira miguuni."

Fundi akafikiri. Akapenda. Huwa akipenda kitu anasimama na kuanza kutembea, na studio ni ndogo, kwa hivyo sote tulilazimika kusogea.

"Zimwi nitakuwa mimi," akasema.

"Wewe Mkamba! Baba Mwende atasema, kwani zimwi ni sisi?"

"Basi tafuta Mmaasai."

"Baba Lemayian aseme ni yeye tumechora, kwa sababu ya yale mahindi?"

"Tafuta mtu wa mbali."

"Nani atoke mbali aje Isinya kuwa zimwi?"

Halafu wote wawili wakageuka wakaniangalia mimi na sahani yangu.

"Nduku," Fundi akasema pole pole, "kwa kina mama yako wanakuitaje?"

"Nasieku."

"Ngai," Ticha akasema. "Na vile ni mrefu."

Nitawaambia ukweli. Watu walifikiri nitakataa kwa sababu ya haya. Lakini kuingia ndani ya gunia, uso umefunikwa, watu wote wanakuangalia na hakuna anayekuona, kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa.

Tulimshona zimwi kwa magunia na blanketi kuukuu la Fundi. Mguu wa jiwe tuliutengeneza kwa karatasi za mifuko ya simiti, tukazipaka majivu na maji mpaka zikakauka na kuwa ngumu. Kwenye kisogo tukaweka mdomo wa beseni jekundu lililopasuka, na meno ya plastiki nyeupe ya mtungi. Fundi alisisitiza vyote viwili viwepo, jiwe na mdomo, na vilingane, kimoja kisiwe kikubwa kuliko kingine. Kichwani nilivaa sufuria chini ya nywele za katani, ndiyo nikaongezeka urefu. Mama aliponiona nikijaribu nyumbani alisema nimefanana na shangazi wa Baba. Baba akasema hapana, ni wa upande wa Kimuka.

Siku ya picha wazazi walikuja wengi kuliko tulivyotaka. Walisimama pande mbili za uwanja, hawa karibu na tangi la maji, wale karibu na lango, na katikati hakuna mtu isipokuwa kuku. Baba Mwende alikuwa na gambuti za shambani na hakuvua kofia. Baba Lemayian alisimama na mguu mmoja umepumzika juu ya mwingine, shuka begani, akiangalia mbali kama ambaye amepita tu. Kila mmoja alikuwa amemwambia Ticha maneno yale yale: nimekuja kuona mtoto wangu hafanywi kitu cha kuchekwa.

Picha za kwanza zilikwenda sawa. Mama wa hadithi alikuwa Mama Mwende, ambaye kweli anafanya kazi ya maua, na alikuja na aproni yake ya kazi. Aliaga watoto, akaimba, akaenda. Watoto wakafunga mlango wa mabati kwa kelele. Sahani ilishikwa na Ticha, vibaya, lakini alijitahidi.

Mimi nilikuwa nimefichwa nyuma ya choo. Kwa tundu la gunia niliona kidogo tu mbele yangu. Nikamsikia Fundi akiwafundisha watoto.

"Mkifungua muone zimwi, mnafanya nini?"

"Tunakimbiaaa!"

"Na mnapiga?"

"Nduruuu!"

"Haya. Zimwi!"

Nikatoka. Mguu wa jiwe ulikuwa unakwaruza chini vizuri kabisa. Kuku walikimbia, hao walielewa hadithi. Nikagonga mabati, nikaimba wimbo wa mama kwa sauti nyembamba. Mlango ukafunguka, na wa kwanza mbele yangu alikuwa Lemayian, mtoto mdogo na sweta kubwa. Akaniinulia macho mpaka juu kwenye katani. Halafu akaja hatua moja mbele, akainamisha kichwa, akangoja.

Kwa wale ambao hawajui: kwao Mama, mtoto akikutana na mtu mkubwa hampi mkono. Anamletea kichwa, na mkubwa anakigusa kwa kiganja. Ndiyo salamu. Mtoto hafikirii huyu ni nani, anatoka wapi, ana midomo mingapi. Ni mkubwa, basi. Nyuma ya Lemayian watoto wa Kimaasai wote wakainamisha vichwa. Na Mwende, ambaye alikuwa amekaa dawati moja na Lemayian mwaka mzima mpaka walipotenganishwa, naye akainamisha chake. Halafu Wakamba wengine wote.

"Hapana, hapana!" Fundi akasema. "Kimbieni! Huyu anakula watu! Rudini ndani."

Tukarudia. Nikakwaruza mguu, nikagonga, nikaimba. Mlango ukafunguka. Vichwa.

"Jameni!" Fundi akashika kiuno. "Lemayian, wewe ndio uko mbele. Huyu ni nani?"

"Ni zimwi."

"Na zimwi anafanya nini?"

"Anakula watoto."

"Sasa mbona hukimbii?"

Lemayian akafikiri, kichwa bado chini. "Hajatushika kichwa," akasema.

Hapo sauti ikatoka upande wa tangi. Ilikuwa ya Baba Mwende.

"Ticha! Nani amemfundisha mtoto wangu mambo hayo?"

Kwa lango Baba Lemayian akashusha ule mguu.

"Amefundishwa heshima," akasema, bila kupandisha sauti. "Kama haimfai, airudishe."

"Heshima? Wewe unaniambia mimi heshima? Ng'ombe zako zilinisalimia kabla ya kuingia?"

Watu wakaanza kusogea, kila upande mbele kidogo. Nilimwona Ticha kwa tundu langu. Sahani ilikuwa imeshuka mpaka chini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeangalia maziwa yake yakimwagika. Niliona shule imeisha pale pale, na mimi nimesimama katikati na sufuria kichwani.

Na wale watoto bado walikuwa wameinama. Hawakusikia wakubwa, au walisikia na hawakujali, kwa sababu salamu yao ilikuwa haijaisha. Mama alinifundisha nikiwa mdogo kwamba kichwa kilicholetwa hakiachwi hivyo. Ukimwacha mtoto ameinama ni kama umemwambia yeye si mtu. Sikufikiri sana. Nilitoboa gunia kwa kidole, nikatoa mkono, nikamgusa Lemayian kichwani.

"Sopa," zimwi akasema.

"Ipa," Lemayian akajibu.

Nikaenda kwa Mwende. Kichwa chake kilikuwa na mistari mizuri, alikuwa amesukwa kwa ajili ya siku hiyo.

"Wakya," nikamwambia, kama Baba anavyowasalimia watoto wa kwao.

"Aa," akajibu, bila kuinua kichwa.

Nikaenda kwa anayefuata. Nikawasalimia wote, kila mmoja kwa lugha yake, na wawili ambao sikuwajua niliwabahatisha. Sauti ilikuwa yangu mwenyewe, si ya zimwi, na ilitoka. Nyuma yangu nikasikia kamera ikilia, halafu tena, halafu Fundi akimwambia Ticha kwa kunong'ona, "Inua sahani. Inua, mama, inua."

Kwa tangi kulikuwa na susu wa Mwende, mama mzazi wa Baba Mwende, amekaa kwenye kiti cha kanisa.

"Ee! Hata zimwi ana adabu!" akasema. "Nyinyi wanaume mmesimama hapo, nani amesalimia nani leo?"

Mtu upande wa lango akacheka, akajaribu kugeuza iwe kikohozi. Akacheka mwingine upande wa tangi. Baba Mwende hakucheka. Alikuwa anamwangalia Mwende, ambaye sasa alikuwa ameinua kichwa na ananivuta mkono nione nyumba yao ya hadithi.

Filamu ilikuwa inakaribia mwisho na zimwi hakuwa amekula mtu. Fundi akamwuliza Ticha tufanye nini.

"Hawezi kuwala sasa," Ticha akasema. "Ameshawasalimia."

"Basi atafanya nini?"

"Mpatie chai."

Ndivyo hadithi ilivyogeuka. Picha zinazofuata ni zimwi amekaa kwenye kiti cha nasari, magoti yamefika masikioni, anashika kikombe, na watoto wanampa ugali wa udongo. Halafu Mama Mwende anarudi kutoka kazini, anafungua mlango na kumkuta. Fundi alitaka ashtuke. Mama Mwende aliniangalia kutoka mguu wa jiwe mpaka katani akasema, "Wewe, umenawa mikono?" Hiyo picha imetikisika kidogo kwa sababu mpigaji alikuwa anacheka. Mtaikuta kwenye boksi la juu, msiitupe.

Picha zilioshwa Nairobi, Fundi akazikuza, tukazibandika ukutani siku ya kufunga shule. Wazazi walipita wakaangalia. Ile ya vichwa ilikuwa katikati. Kila mtu alitafuta wa kwake kwanza, na haikuwa rahisi, kwa sababu ukiangalia vichwa vilivyoinama kutoka juu huwezi kujua haraka huyu ni wa nani. Nilimwona Baba Lemayian akiweka kidole kwenye kichwa kimoja, na mtu akamwambia hapana, huyo ni wa Mutinda, Mkamba. Akatoa kidole. Baba Mwende alisimama pale muda, kofia mkononi. Wote wawili waliondoka kila mtu njia yake, na Ticha akafunga chumba bila kujua kama atakifungua.

Likizo yote ya Desemba mvua haikuja. Ticha alipita studio mara moja. Alisema kanisa limeuliza ufunguo, na amewaambia wangoje shule ifunguliwe waone. Fundi hakumwambia mambo yatakuwa sawa. Alimwambia tutakuja.

Siku ya kufungua tulikwenda na Fundi asubuhi, tukiwa na nakala ambazo wazazi wengine walikuwa wameagiza. Ticha alikuwa amesimama mlangoni na gauni la kanisani. Watoto walikuja mmoja mmoja, wa Kimaasai wachache, wa Kikamba wachache, kila mzazi akiangalia kwanza ndani aone nani ameshafika. Wote walibaki nje ya lango, hawakwenda. Walikuwa wanangoja hao wawili. Wakikosa kuja, watoto wangevalishwa sweta warudishwe nyumbani, na Ticha alijua.

Halafu tukamwona Baba Mwende anakuja barabarani anasukuma baiskeli. Mwende alikuwa amekaa mbele. Nyuma kwenye keria, amemshika shati, alikuwa Lemayian.

"Ticha, tumechelewa," Baba Mwende akasema. "Huyu wangu alikataa kuamka."

"Na huyu?" Ticha akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, niliijua sauti hiyo.

"Baba yake amehamisha ng'ombe, ameenda nazo mpaka upande wa Kona Baridi. Huku hakuna nyasi. Jana jioni alipita kwangu na huyu kijana na maziwa. Akasema nikimleta wangu, nimlete na wake."

"Na yeye atarudi lini?"

"Mvua ikinyesha."

Fundi, ambaye hajawahi kuacha jambo likapita, akauliza, "Na mahindi?"

"Mahindi yalishaliwa, Fundi," Baba Mwende akasema. "Unataka tutapishe ng'ombe?"

Akamshusha Mwende, akamshusha Lemayian. Mtoto alipogusa chini akatoka mbio moja kwa moja kuingia darasani, akapita Ticha kama hakumwona.

"Wewe!" Baba Mwende akaita. "Rudi hapa. Kichwa!"

Lemayian akarudi, akasimama mbele ya Ticha, akainama. Mwende akaja akasimama kando yake. Ticha akaweka mkono mmoja kwa huyu na mkono mwingine kwa yule, na kule langoni wazazi wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kwenda kazini.